MIZANI YA PAMBA NA MIZANI YA SIMU

Somo letu la leo linahusu mikopo inayotolewa kwa simu, ile ambayo wananchi wameipa jina la "kausha damu". Tutasoma, tutapiga hesabu, na mwishoni kuna maswali ya kujadili kikundini. Chukueni kalamu na daftari. Asiye na daftari aandike hata nyuma ya kalenda.

Kabla ya kufika kwenye simu, hebu turudi nyuma kidogo kwenye pamba, kwa sababu wazee wetu wa kando ya ziwa waliwahi kukutana na jambo linalofanana na hili.

Mizani ya wakati ule

Wakati wa ukoloni, mkulima wa Usukuma alilima pamba kwa jembe la mkono, akapalilia, akavuna, akachambua safi na fifi, kisha akabeba mzigo wake hadi kwa mnunuzi. Pale alikuta mizani. Mizani ilikuwa ya mnunuzi na aliyeisoma alikuwa mtu wa mnunuzi. Karatasi iliandikwa na mtu huyo huyo. Mkulima, ambaye hakujua kusoma namba, alisimama kando akiangalia mshale unavyocheza, akaambiwa "pamba yako ni kiasi hiki", akapewa fedha, akaenda zake. Je, angebisha kwa kitu gani? Uzito anaoujua yeye ni ule wa kichwani na shingoni.

Manung'uniko juu ya mizani yalikuwa makubwa. Mwaka 1952 Paul Bomani na wenzake waliunda chama cha wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa. Vyama vidogo vya vijijini viliendelea kuzaliwa, na mwaka 1955 viliungana katika shirikisho la ushirika lililojulikana kama Victoria Federation. Moja ya mambo waliyoyapigania wakulima hao ni kupima pamba yao wenyewe. Bomani mwenyewe baadaye alikuja kuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika.

Tusifiche kwamba ushirika nao ulikuja kuwa na wezi wake. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika kwa sababu ya malalamiko, mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na sheria ya kuvirudisha ikapitishwa mwaka 1982. Kwa hiyo hatusemi kwamba mizani ikishikwa na mwenzetu basi imekuwa ya haki. Tunasema mwenye mzigo lazima aweze kuisoma.

Ndiyo maana kati ya mwaka 1968 na 1972, ulipoendeshwa mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa hapa Mwanza na mikoa jirani, vitabu vya kisomo havikuanza na hadithi za sungura. Vilihusu pamba, uvuvi, ndizi na mifugo. Mzee aliyejifunza herufi kwa neno la pamba alijifunza pia kusoma risiti ya pamba.

Foleni imeondoka

Sasa tuje Kigongo.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la J.P. Magufuli, linalounganisha Kigongo, wilayani Misungwi, na Busisi, wilayani Sengerema. Ujenzi ulianza mwaka 2020. Daraja lina urefu wa kilomita 3 hivi juu ya Ghuba ya Mwanza, na gari linavuka kwa dakika chache tu. Zamani tulivuka kwa kivuko, na foleni ikiwa ndefu mtu aliweza kukaa saa mbili au zaidi akisubiri zamu. Mgonjwa anayepelekwa Bugando alisubiri. Mama mwenye uchungu wa uzazi naye alisubiri. Anayesema daraja ni baya hajawahi kulala kwenye foleni na mtoto mwenye homa.

Lakini foleni ile ilikuwa pia soko. Pale magari yaliposimama, watu waliuza samaki wa kukaanga, mayai, karanga, mahindi ya kuchoma, maji na soda. Abiria mwenye njaa asiye na pa kwenda ndiye mteja bora kuliko wote. Sasa abiria yule anapita juu, dirisha limefungwa, na kabla hujanyanyua sinia ameshafika ng'ambo. Mtambo mpya ukija, kuna anayepanda na kuna anayeshuka, na mara nyingi anayeshuka hakuulizwa.

Mfanyabiashara mdogo aliyepoteza soko anatafuta jambo jingine. Anataka kwenda kuuza dagaa mnadani, au kuhamisha meza yake hadi barabarani, au kununua mafuta ya kukaangia kwa wingi. Yote hayo yanataka mtaji. Benki iko mjini na inadai dhamana, na ndugu nao hawana kitu. Wakati huo huo, katika simu janja ya kijana wake, linatokea tangazo: "Pata mkopo ndani ya dakika 5, bila dhamana."

Si Kigongo peke yake. Ni kila mahali penye simu na shida.

Hesabu ya mama muuza dagaa

Tuchukue mfano wa mama mmoja. Ni mfano tu, msimtafute. Na namba tulizotumia tumezichagua ili hesabu iwe nyepesi.

Mama anaomba mkopo wa shilingi 100,000. Programu inamjibu: "Hongera! Mkopo wako umekubaliwa." Anaangalia salio, anakuta shilingi 75,000. Zile 25,000 ziko wapi? Zimekatwa mwanzoni, zimeitwa "ada ya huduma". Baada ya siku 7 anatakiwa kurudisha shilingi 100,000.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mtu anasema, "Nimekopa laki, nimerudisha laki, hakuna riba." Si kweli. Hukukopa laki. Ulikopa kilichofika mkononi. Andika hivi kwenye daftari:

Fedha niliyopokea: 75,000
Fedha nitakayorudisha: 100,000
Bei ya mkopo: 25,000
Siku: 7

Mistari hiyo minne ndiyo mizani yako. Mkopo wowote, uwe wa simu, wa benki au wa jirani, uandike hivyo kwanza. Ukishindwa kujaza hata mstari mmoja kwa sababu hukuambiwa, bado hujaelezwa mkopo, umeonyeshwa tangazo tu.

Sasa 25,000 ni kiasi gani katika 75,000? Ni theluthi moja. Kwa asilimia ni 33, yaani katika kila shilingi 100 uliyopewa, unalipa shilingi 33 juu yake. Hiyo ni kwa wiki moja tu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilitungwa mwaka 2018, na chini yake Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji wa kundi hili: isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Piga hesabu ya asilimia 3.5 ya shilingi 75,000. Utapata shilingi 2,625 kwa mwezi mzima. Linganisha na 25,000 kwa wiki.

Wajanja wanajua hilo, ndiyo maana hawaandiki "riba". Wanaandika ada ya huduma, ada ya uchakataji, gharama za mfumo. Majina ni mengi na mfuko ni mmoja. Msomaji, ukiona jina usilolijua, usihangaike nalo. Rudi kwenye mistari minne.

Tuendelee na mama yetu. Ananunua dagaa wa 75,000. Tuseme kila siku anapata faida ya shilingi 3,000. Siku saba ni 21,000. Bei ya mkopo ni 25,000. Amesimama juani wiki nzima, hajanunua hata sabuni, na bado anapungukiwa 4,000. Je, ni mvivu huyu? Hapana. Hajui biashara? Anajua sana. Mkopo wenyewe umekula zaidi ya biashara.

Siku ya saba inafika. Ana 96,000, zinatakiwa 100,000. Akizitoa zote hana mtaji wa kesho. Basi anafungua programu ya pili ili alipe ya kwanza. Ya pili nayo inakata mwanzoni. Baada ya wiki anafungua ya tatu. Wahenga walisema kukopa harusi kulipa matanga, ila wao hawakuona harusi ya dakika tano.

Tuseme kila wiki anaomba laki, anakatwa 25,000, kwa wiki nne. Amelipa shilingi 100,000 kwa ajili ya kuzunguka na mtaji wa 75,000, na mtaji wenyewe bado anadaiwa. Unyonyaji tuliufundishwa kama hadithi ya kabaila na kupe. Siku hizi kupe hana sura, na ujumbe wake unaanza na "Mpendwa mteja".

Neno "Ruhusu"

Fedha ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni majina.

Programu hizi, wakati wa kuingizwa kwenye simu, huuliza maswali. Je, unaruhusu programu kuona majina na namba zilizomo kwenye simu yako? Je, unaruhusu isome ujumbe wako? Ione picha zako? Mtu mwenye haraka anabonyeza "Ruhusu" mpaka mwisho, kama anayeitikia "amina" bila kusikia dua. Maswali yakiwa kwa Kiingereza ndiyo kabisa, anabonyeza pale palipo na rangi.

Tujiulize: anayetaka kukukopesha fedha, namba ya mama mkwe wako ya nini?

Jibu linakuja siku ukichelewa kulipa. Ujumbe unatumwa kwa watu waliomo kwenye simu yako: kwa mama mkwe, kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa mwalimu wa mtoto, kwa kiongozi wa kwaya. Unasema kwamba fulani ni tapeli, amekimbia deni, na nyote mliotajwa mumwambie alipe. Wengine hutumiwa na picha. Hiyo ndiyo dhamana uliyoweka bila kujua. Ulipoambiwa "bila dhamana" ulidhani hujaweka kitu, kumbe umeweka jina lako na majina ya watu ambao hawakukopa hata senti.

Kijijini jina ni kitu kikubwa. Mtu anaweza kustahimili njaa akashindwa kustahimili kunyooshewa kidole kisimani. Wapo wanaozima simu wakapoteza na wateja wao, na wapo wanaoacha hata kwenda kwenye mikutano ya kikundi kwa haya.

Hapa tuna neno kwa yule anayepokea ujumbe huo. Ndugu, ukitumiwa habari ya deni la jirani yako, usiisambaze, wala usiende kuisoma kwa sauti kilabuni. Nenda kwake polepole, umwonyeshe, umwambie: "Mama fulani, nimeletewa hiki, nimekuja nijue tunafanyaje." Anayeisambaza anafanya kazi ya mkopeshaji bila mshahara.

Sheria inasemaje?

Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, ikapiga marufuku shughuli zao. Hatua hiyo ilikuwa nzuri. Lakini programu ni kama magugu ya shambani, ukiling'oa moja leo, kesho linachipua jingine lenye jina jipya na rangi nyingine. Kwa maoni yetu, wenye kampuni za simu na wenye kurusha matangazo wanapata fedha kutokana na biashara hii, nao wangepaswa kuuliza leseni kabla ya kupokea fedha za tangazo. Duka likiuza dawa mbovu hatumkamati aliyetengeneza peke yake.

Kuhusu majina, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Taarifa zako haziwezi kuchukuliwa kwa kazi moja zikatumiwa kwa kazi nyingine ya kukudhalilisha. Wenzetu wa Kenya wana sheria ya namna hiyo, na mwezi Septemba 2023 Kamishna wao wa taarifa aliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya Shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia namba za watu na kuwatumia ujumbe wa vitisho. Kwa hiyo inawezekana.

Ukitishwa au kutukanwa, usifute ujumbe ule. Najua mkono unawasha kuufuta, maana unauma. Uache. Huo ndio ushahidi. Andika tarehe na namba iliyotuma, kisha uende kituo cha polisi. Na kama unataka kujua mkopeshaji ana leseni au hana, muulize Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata akusaidie kutafuta orodha ya Benki Kuu. Benki Kuu ina tawi hapo Mwanza. Lakini kumbuka pia: leseni inaonyesha kwamba mkopeshaji anajulikana, haionyeshi kwamba mkopo wake ni rahisi. Mistari minne inabaki pale pale.

Wala hatufundishi dhuluma. Kilichofika mkononi mwako ni deni, kirudishe. Wapo vijana wanaosema, "Tukope, tufute programu, tuvunje laini." Huo nao ni wizi, na namba ya NIDA haivunjiki.

Fedha nyingine ziko wapi?

Mtu atasema: nyie maofisa mnakataza tu, mtoto anaumwa leo, tufanye nini? Swali ni la haki.

Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya matatizo ya usimamizi, ikarudishwa mwaka 2024. Ubaya wake ni kwamba inachukua muda, fomu ni nyingi, na inataka kikundi kilichosajiliwa. Mtoto mwenye homa haponi kwa fomu. Hiyo ni fedha ya biashara, si ya dharura.

Kwa dharura tunaona kikundi cha kuweka na kukopa ndicho chenye nguvu, hasa kikiwa na mfuko wa jamii uliotengwa kwa ugonjwa na misiba. Vipo vikundi vingi kando ya ziwa, vikubwa na vidogo. Mfano: watu 20, kila mmoja anaweka 1,000 kwa wiki katika mfuko wa dharura. Wiki moja ni 20,000. Wiki nane ni 160,000. Mama wa mfano wetu angepata zile 75,000 humo, na bado zingebaki 85,000. Riba yake wanaipanga wenyewe, na ikipatikana inarudi kwao. Na akichelewa, atakayemfuata ni mwenzake anayejua kwamba wiki hii mvua ilinyesha na dagaa hawakukauka. Mtambo haujui mvua.

Ila vikundi vina ugonjwa wao: katibu mmoja anayeandika, kusoma na kujumlisha peke yake, wengine wakiitikia tu. Hapo tumerudi kwenye mizani ya mnunuzi. Kila mwanachama aliyemaliza kisomo ashike daftari kwa zamu na asome mahesabu kwa sauti mbele ya wote. Akikosea, arudie. Hakuna haraka.

Na simu yenyewe je? Hatuwaambii muitupe. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na kabla ya hapo fedha ya kumtumia mtoto shuleni ilipelekwa na kondakta wa basi, ikifika ilifika. Mvuvi aliye kisiwani anauliza bei ya mwaloni kabla hajapakia. Hayo ni mema na tunayapokea.

Maneno ya kujifunza

Riba: fedha unayolipa juu ya ile uliyokopa.
Dhamana: mali au kitu unachoweka ili mkopeshaji akichukue usipolipa.
Leseni: ruhusa ya serikali ya kufanya kazi fulani.
Taarifa binafsi: habari zinazokuhusu wewe, kama jina, namba ya simu, picha na makazi.

Zoezi

1. Mzee mmoja ameomba mkopo wa 50,000 kwa simu. Amepokea 38,000. Atarudisha 50,000 baada ya siku 14. Andika ile mistari minne. Bei ya mkopo ni shilingi ngapi?

2. Tafuta asilimia 3.5 ya shilingi 38,000. Linganisha na jibu la swali la kwanza.

3. Kikundi chenye watu 15 kinaweka 500 kila mmoja kwa wiki. Baada ya wiki 10 kitakuwa na shilingi ngapi?

4. Fungueni simu moja ya mwanakikundi, mwenyewe akikubali. Someni pamoja programu zilizomo zimeruhusiwa kuona nini. Msipoelewa neno, mwiteni kijana aliyeko sekondari asome na kueleza, na nyie mwandike alichosema.

5. Wauzaji waliokuwa kwenye foleni ya feri ya Kigongo walipoteza wateja daraja lilipofunguliwa. Je, mwenye mtambo mpya ana wajibu gani kwa mtu ambaye mtambo umemwondolea riziki? Kila mtu aseme maoni yake, na katibu ayaandike hata yale asiyokubaliana nayo.